Kabla Gari la Taka Halijafika

Ukitaja watu wanaoishi kwa vilivyotupwa na wengine, anayekusikiliza hufikiria dampo mara moja: kilima cha taka, moshi usiozimika, kunguru, na watu wanaochakura kwa ndoano. Watu hao wapo, na kazi yao ni ngumu kuliko wengi wetu tunavyodhani. Lakini dampo ni kituo cha mwisho cha safari ndefu, na kitu kinapofika pale kimeshapoteza sehemu kubwa ya thamani yake. Anayetaka kuelewa kwa nini miji yetu inafukia mali nyingi namna hii inambidi aanzie mlangoni pa nyumba, usiku wa kuamkia siku ya gari la taka.

Chukua chupa tupu ya maji ya kunywa. Inapotoka mkononi mwa mnywaji ni plastiki safi isiyo na rangi, aina inayotafutwa sana na wanunuzi wa makopo, kwa kuwa inaweza kusagwa na kugeuzwa nyuzi za nguo, kamba au chupa nyingine. Sasa itie kwenye kiroba kimoja na maganda ya ndizi, ugali uliolala, vichwa vya samaki na nepi ya mtoto. Baada ya siku tatu katika joto la Dar es Salaam, imepakaa uozo ndani na nje. Ikishindiliwa garini inaingia mchanga na mafuta. Ikifika dampo, mwokotaji anaweza kuipata, ila mnunuzi atampunja bei au ataikataa kabisa, maana kuiosha kutakula maji na muda mwingi.

Katika miji kama Dar es Salaam na Nairobi, zaidi ya nusu ya taka za majumbani ni mabaki ya chakula na vitu vingine vinavyooza. Mabaki hayo yenyewe yangekuwa mbolea nzuri au chakula cha nguruwe. Yakichanganywa na karatasi, nguo na plastiki, yanaviharibu vyote, navyo vinayaharibu. Karatasi ndiyo inayotangulia kufa: boksi kavu lina mnunuzi, boksi lililolowa mchuzi halina. Chupa haikupoteza thamani ilipotupwa, iliipoteza ilipochanganywa. Mengi tunayolalamikia kuhusu taka, kuanzia dampo kujaa hadi umaskini wa waokotaji, yanaanzia hapo.

Tazama sasa watu wanaokutana na vitu hivyo njiani. Wa kwanza ni mnunuzi wa mtaani, yule wa mkokoteni au guta, anayepita akiita chuma chakavu, betri mbovu, friji bovu, ndoo zilizopasuka. Huyu anamwahi mwenye nyumba kabla kitu hakijawa taka. Anapewa pasi iliyoungua ikiwa kavu, nyaya zake zote zipo, na mwenye nyumba anapata hela kidogo. Wa pili ni mwokota makopo wa alfajiri, anayeviwahi viroba vilivyowekwa nje ya geti, au kizimba cha mtaa kabla hakijazolewa. Wa tatu ni vijana wapakiaji wa gari lenyewe. Angalia vizuri gari la taka likipita: mara nyingi utaona salfeti mbili tatu zimening'inia ubavuni, moja ya chupa, nyingine ya vyuma. Huo ndio utenganishaji wa taka tulio nao kwa sehemu kubwa ya jiji, na unafanywa kwa mikono mitupu huku gari likitembea.

Wa nne ndiye wa dampo. Kila mmoja wa waliotangulia amechukua kilicho bora katika alichokikuta, na huyu wa mwisho amebakiziwa kilichochafuka zaidi. Anafanya kazi nzito kuliko wote, kati ya moshi, chupa zilizovunjika na sindano, kwa kilo yenye bei ndogo kuliko za wenzake wote.

Na dampo linazidi kwenda mbali. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam wakitaka umwagaji wa taka katika eneo lao ukome, na Mahakama Kuu ikawapa haki. Taka zikahamishiwa Kunduchi Mtongani. Nako wakazi wakaenda mahakamani mwaka 1991, na wakashinda. Zikapelekwa Vingunguti na Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi, pembezoni kabisa mwa jiji. Wakazi wale walikuwa na haki kamili, hakuna anayestahili kulala na moshi wa taka za wengine. Lakini kila dampo liliposogezwa, safari ilirefuka, na kadiri safari inavyorefuka ndivyo taka zinavyoshindiliwa pamoja kwa muda mrefu zaidi na mafuta ya gari yanavyoteketea kubeba vitu ambavyo vingekuwa vimeuzwa mtaani. Nairobi hali ni nyingine lakini mzigo ni uleule: dampo la Dandora, lililofunguliwa miaka ya 1970, lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na malori yakaendelea kumwaga.

Kazi ya kuokoa vitu inadharauliwa kwa sababu anayeitazama kwa mbali anaona mikono tu. Kaa nusu saa katika kituo chochote cha kununulia chakavu, penye mizani na lundo nyuma ya uzio wa mabati, utaona elimu. Chombo cha kwanza ni sumaku. Ikishika, ni chuma cha kawaida, na bei yake ni ya chini. Isiposhika, mambo ndiyo yanaanza. Aluminiamu inajulikana kwa wepesi. Shaba ni nzito, na ukiikwaruza kwa tupa, weusi au ukijani wa juu unatoka unaona wekundu. Shaba ya njano, ile ya koki na vitasa, ikikwaruzwa inabaki njano hadi ndani, kwa hiyo kitasa cha chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu hakimdanganyi mtu mwenye tupa. Chuma kisichoshika kutu nacho mara nyingi hakishiki sumaku, na hapo ni jicho lililozoea ndilo linaloamua.

Kwenye plastiki hutumika maji. Chupa za maji na soda zikisagwa vipande huzama, ilhali vizibo vyake, ambavyo ni plastiki ya aina nyingine, huelea. Pipa moja la maji linatosha kuzitenganisha. Anayekosea akaziyeyusha pamoja anapata kitu kisichokuwa hii wala ile, kinachopasuka kikigongwa.

Kisha nenda kwa mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, au kwa mhunzi yeyote wa kijijini. Fundi anayetaka kutengeneza panga au patasi hachukui nondo, ingawa vipande vya nondo vimejaa kila palipo na ujenzi. Anatafuta springi ya lori. Springi ina kaboni ya kutosha. Ukiipasha moto hadi iwe nyekundu, ukaifua, kisha ukaipasha tena na kuitumbukiza kwenye oili chafu, inakuwa ngumu na makali yake yanadumu. Nondo ya kawaida ukiifanyia hivyohivyo inabaki laini, na panga lake litajikunja kwenye mti wa kwanza. Fundi huyu hana cheti cha uhandisi wa metali, lakini anachagua malighafi kwa sababu zilezile ambazo mhandisi angezitoa. Naye anahitaji springi nzima. Ikishakatwa vipande vifupi na kuchanganywa na mabati kwenye lundo la kwenda kiwandani, kwake imekufa.

Hapo ndipo mipango yetu mingi inapokosea. Tukisikia neno urejelezaji tunafikiria kiwanda cha kuyeyusha. Kuyeyusha kuna faida kubwa: kutengeneza aluminiamu kutokana na chakavu hutumia takribani asilimia 5 tu ya nishati inayohitajika kuitoa kwenye madini yake. Lakini kitu kinachookolewa kikiwa bado na umbo lake kinaokoa zaidi. Dumu la njano la lita 20 lilianza kazi likiwa na mafuta ya kula. Leo ndilo linalobeba maji ya mamilioni ya kaya za Afrika Mashariki, na hakuna wizara iliyolipangia. Chupa za maji za lita moja na nusu zinauziwa asali Tabora na mafuta ya alizeti kando ya barabara Singida. Tairi lililokwisha linatoa makatambuga, mpira wake wa ndani unatoa kamba za kufungia mizigo kwenye baiskeli na ndoo za kutekea maji kisimani. Pipa likinyooshwa linatoa bati la majiko na makarai. Mota ya feni iliyoungua inasukwa upya. Vyote hivi viliokoka kwa kumfikia fundi kabla havijapondwa. Gari la kushindilia taka lina faida yake kwa anayelipia mafuta, lakini kwa fundi linaharibu kila linachokipokea.

Hata jahazi la Flipflopi, lililojengwa Lamu chini ya fundi Ali Skanda kwa takribani tani 10 za plastiki iliyookotwa, likavikwa kandambili zilizokwisha na kusafiri hadi Zanzibar mwaka 2019, lilihitaji plastiki iliyochambuliwa kwanza kwa aina yake. Watu waliishangilia safari, na ilistahili. Mimi nawafikiria pia waliokaa chini na kuchambua.

Viko vitu ambavyo kuviokoa mtaani ni hatari, na kuvinyamazia ni kuwadhulumu wanaovishika. Betri ya gari ina risasi na tindikali. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwamwagia majirani risasi hadi watoto wakaugua. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wake, aliongoza mapambano ya wakazi na kupewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, kesi ikaendelea kwenye rufaa. Nyaya za umeme zinapochomwa ili kupata shaba, plastiki yake hutoa moshi wenye sumu ya dioksini. Anayezimenya kwa kisu huchelewa, lakini shaba yake inatoka inang'aa na mapafu yake yanabaki salama. Sufuria nazo zinahitaji uangalifu. Vipimo vya sufuria zinazosubiwa mitaani katika nchi kadhaa za Afrika, Cameroon ikiwamo, vilikuta risasi inayoweza kuingia kwenye chakula. Sababu yake ni ileile ya kuchanganya: vyuma vya kila aina vilitupwa kwenye kalibu moja bila kuchambuliwa.

Upo pia wizi, na wanaoitetea kazi hii hawapaswi kuuficha. Mifuniko ya chemba, alama za barabarani na nyaya za umeme huishia kwenye mizani za chakavu. Januari 2022 serikali ya Kenya ilipiga marufuku biashara ya chuma chakavu baada ya miundombinu ya umeme kuhujumiwa. Marufuku hiyo ikaondolewa Mei mwaka huohuo. Naelewa hasira iliyoizaa, lakini naona ililenga pasipo. Mfuniko wa chemba hauingii kwenye salfeti ya mwokota makopo. Unabebwa na chombo cha usafiri na kuuzwa kwa mtu mwenye mizani kubwa na stoo yenye kufuli. Huyo ndiye wa kukaguliwa vitabu vyake. Marufuku ya jumla humwangukia kwanza yule anayeuza leo ili ale leo.

Kwa hiyo mwokotaji apewe nafasi gani? Brazili iliiingiza kazi ya uokotaji taka katika orodha rasmi ya ajira mwaka 2002. Hapa kwetu mfano uko karibu zaidi: katika kata ya Bonyokwa, Ilala, shirika la Nipe Fagio limeshirikiana na wakusanya taka waliounda ushirika, wanaopita nyumba kwa nyumba kuchukua taka ambazo wenye nyumba wamekwisha kuzitenganisha. Vitu vikavu vinabaki vikavu, vinavyooza vinageuzwa mbolea, na kinachobaki cha kupelekwa dampo kinapungua. Mtu yuleyule ambaye angeinamia kilima cha Pugu anakutana na chupa ileile ikiwa bado safi.

Jambo hili lina hesabu ambayo halmashauri inaweza kuifanya kwa kalamu na karatasi. Kila tani inayobaki mtaani kama mbolea au kama bidhaa ya chakavu ni tani isiyohitaji dizeli ya kuifikisha dampo, wala nafasi ya kuifukia. Mkataba wa uzoaji unaomlipa mkandarasi kwa wingi wa taka alizomwaga, au usiomdai kingine zaidi ya kuziondoa machoni, unampa sababu ya kubeba kila kitu kikiwa kimechanganyika. Mkataba uandikwe upya: utenganishaji uwe sharti, waokotaji wa mtaa wawe na haki ya kwanza ya vitu vikavu, na wapewe glavu, buti na sehemu yenye paa ya kuchambulia. Kuzungushia dampo uzio kabla ya kufanya hayo ni kuwanyima watu riziki na kuiacha mali ifukiwe.

Nawe unayesoma usisubiri mkataba. Weka mabaki ya chakula kwenye ndoo yake yenye mfuniko, na chupa, makopo na maboksi kwenye salfeti nyingine iliyo kavu. Wembe, sindano na glasi zilizovunjika zitie kwenye kopo gumu ulifunge, kwa kuwa kuna mkono utakaoingia humo. Friji bovu usiliache linyeshewe uani hadi lioze. Muite mwenye guta mapema. Na mwenyekiti wa mtaa akiitisha kikao cha ada ya taka, simama uulize kama waokotaji wa mtaa wako wamo kwenye mkataba.