Mto Ruaha Mkuu na Wanyama Wake



Hifadhi ya Taifa ya Ruaha iko kiasi cha kilomita 130 magharibi ya mji wa Iringa. Ilianzishwa mwaka 1964. Jina lake ni la mto Ruaha Mkuu. Humo wamo tembo, simba, twiga, nyati na tandala. Mtoni wamo viboko, mamba na samaki. Wakati wa kiangazi wengi wao huutegemea mto huo.

Maji hutoka wapi?

Mto hauanzii hifadhini. Mvua hunyesha katika milima ya Mbeya na Njombe. Maji hushuka kwa mito midogo hadi bonde la Usangu, penye mashamba mengi ya mpunga. Yanayobaki huingia katika kinamasi cha Ihefu.

Ihefu ni kama mtungi mkubwa. Hupokea maji wakati wa masika, na kuyatoa kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Mdomo wa mtungi huo ni mwamba, mahali paitwapo N'giriama. Maji yakishuka chini ya mwamba, hayatoki tena.

Kwa nini mto hukauka?

Zamani mto ulitiririka mwaka mzima. Mwaka 1993 ulikauka wakati wa kiangazi. Baada ya hapo umekauka tena na tena. Maji mengi yalichukuliwa kabla ya kufika Ihefu. Mto ukikauka, viboko hubanana katika madimbwi machache, na samaki hufa. Mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu nayo yanategemea mto huo.

Mwaka 2008 Usangu na Ihefu viliunganishwa na hifadhi. Lakini mpaka hauleti maji. Maji yanatoka juu, kwetu wakulima na wafugaji.

Tufanye nini?

Mkulima wa mpunga hana kosa kwa kutaka maji. Mpunga ni chakula na ni fedha. Kosa ni kuyapoteza.

1. Fungeni mifereji baada ya mavuno. Mfereji ulioachwa wazi humwaga maji katika shamba lisilo na mazao. Maji yakimwagika hayazoleki.

2. Pateni kibali kabla ya kuchimba mfereji. Jiungeni na jumuiya ya watumiaji maji, mgawane kwa zamu.

3. Msilime karibu na chanzo cha maji. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka muache mita 60.

Tembeleeni hifadhi

Hifadhi si ya wageni tu. Raia wa Tanzania hulipa kiingilio kidogo kuliko wageni. Darasa linaweza kuchanga fedha na kukodi gari. Ulizeni kwanza ofisi ya hifadhi kiasi cha kiingilio na namna ya kulipa.

Nendeni kati ya Juni na Oktoba. Wakati huo wanyama hukusanyika mtoni. Msishuke garini ila mnaporuhusiwa. Msiwape wanyama chakula, wala msitupe takataka.

Kisha tazameni mto. Ukiwa na maji, ulizeni yametoka wapi. Ukiwa mchanga mtupu, ulizeni yamebaki wapi.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Ihefu husaidia mto namna gani?
2. Kwa nini mifereji ifungwe baada ya mavuno?
3. Maji ya kijiji chenu yanatoka wapi? Yakiwapita ninyi, yanakwenda kwa nani?