Nyanya Amesahau Njia ya Nyumbani: Je, Apelekwe Ng'ambo?

Leo nakuomba usogee karibu na redio, na kama kuna dada au wifi hapo jikoni mwite naye asikilize, maana jambo hili halimhusu mtu mmoja.

Katika nyumba nyingi za Mji wa Kale, kuanzia Kibokoni hadi Kuze na Mkanyageni, kuna mtoto mmoja au wawili walioko nje. Huyu yuko Muscat, yule Dubai, mwingine London au Toronto. Mzee anapoanza kupotewa na kumbukumbu, simu huanza kulia usiku. Mleteni huku, huku kuna hospitali nzuri, huku kuna nyumba za kutunzia wazee wa namna hiyo. Na wewe uliyebaki naye, uliyemwosha na kumlisha, unasikia kama unaambiwa hukufanya kazi vizuri. Au unasikia nafuu, halafu unaona haya kwa kuisikia hiyo nafuu. Usijilaumu, walezi wengi husikia hivyo. Hebu tulitazame jambo hili polepole kabla tiketi haijakatwa.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Madaktari wanauita dimensia. Sisi husema mzee amerudi utotoni, na wengine hukimbilia kusema ana jini au amerogwa. Dimensia si utoto, si jini, wala si uzee wa kawaida. Mzee wa kawaida husahau alipoweka miwani. Mwenye dimensia anaweza kuishika miwani mkononi na asijue ni ya kazi gani. Ni ubongo unaoharibika kidogo kidogo. Aina inayoonekana zaidi duniani ilielezwa mwaka wa 1906 na daktari wa Ujerumani, Alois Alzheimer, ikapewa jina lake. Aina nyingine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, na hapo ndipo presha na kisukari huingia, maradhi tunayoyajua sana hapa Pwani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu milioni 55 wana dimensia, na zaidi ya nusu yao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Dawa ya kuuponya ugonjwa huu haijapatikana. Zipo dawa zinazowasaidia baadhi ya wagonjwa kwa muda.

Neno la kurogwa, mama, si la mchezo. Katika kaunti jirani ya Kilifi wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na huko Ganze kuna Kaya Godoma, mahali wanapohifadhiwa wazee waliokimbia makwao kwa tuhuma hizo. Mzee anayezungumza peke yake usiku, au anayeingia nyumba isiyo yake, huenda ni mgonjwa tu.

Sasa sikiliza sehemu hii vizuri, maana ndiyo inayoamua safari. Kumbukumbu haiondoki yote kwa mara moja. Huanza kuondoka ya leo na ya jana, na ya zamani hubaki nyuma. Halafu kuna kumbukumbu ya mwili, ambayo wengi hatuihesabu: mkono unaojua kukanda unga wa mahamri, mguu unaojua ngazi hii ina vidato vingapi. Hiyo mara nyingi hukaa muda mrefu kuliko majina ya watoto.

Tuseme kuna nyanya wa miaka 78 aliyeolewa Kibokoni akiwa msichana. Ukimuuliza leo ni siku gani, hajui. Lakini adhana kutoka Msikiti wa Mandhry inamwambia ni wakati wa kutawadha. Harufu ya kahawa barazani inamwambia jioni imefika. Akitoka mlangoni na kupinda kona isiyo yake, mwenye duka atamwita, "Bi mkubwa, waenda wapi?", na mtoto wa jirani atamshika mkono amrudishe. Vichochoro vile ambamo wageni hupotea, yeye ndimo anamojiona. Yaani alichosahau yeye, mji unamkumbukia.

Mtoe hapo umpeleke ghorofa ya 12 huko Sharjah. Madirisha yamefungwa kwa ajili ya mashine ya baridi, hasikii adhana ila kwa simu. Mchana mwanawe na mkwewe wako kazini. Usiku anaamka kwenda msalani, anafuata ukuta wa upande ambao choo kilikuwapo kwa miaka 50, anagonga kabati, anaanguka. Akiomba arudishwe nyumbani wanadhani ni ukaidi. Wahudumu wa afya wanalijua jambo hili: mgonjwa wa dimensia akihamishwa, mara nyingi kuchanganyikiwa kwake huzidi kwa siku au wiki kadhaa. Wengine hutulia baadaye. Wengine hawarudi tena pale walipokuwa.

Na kuna lugha. Mgonjwa aliyejifunza lugha ya pili ukubwani mara nyingi huipoteza hiyo kwanza, akarudi katika lugha ya mama. Babu aliyefanya kazi bandarini kwa Kiingereza miaka 30 anaweza kubaki na Kimvita kitupu. Akiwa katika nyumba ya wazee huko Uingereza, akasema ana kiu au anataka kwenda msalani, nani atamwelewa? Atanyamaza, au atapiga kelele, kisha aandikwe kuwa ni mkali na apewe dawa ya kumtuliza. Muscat ina nafuu yake kwa upande huu, kwa sababu wako watu wengi huko wanaozungumza Kiswahili, hasa familia zilizorudi Omani kutoka Unguja na Pwani baada ya mwaka 1970. Ikiwa lazima aende, mlezi atafutwe miongoni mwao.

Si sisi peke yetu tunaohamisha wazee. Wazungu nao wanafanya hivyo, na sababu yao kubwa ni gharama. Wajerumani wengine huwapeleka wazazi wao Poland, Slovakia au Hungary. Waswisi wengine huwapeleka mbali zaidi, Thailand. Kuna mwanasaikolojia wa Uswisi, Martin Woodtli, aliyempeleka mama yake mwenye Alzheimer katika mji wa Chiang Mai, Thailand, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha akafungua hapo makao ya wagonjwa wengine kutoka Ulaya. Makao hayo yalijulikana kwa sababu kila mgonjwa ana walezi wake wanaopokezana mchana na usiku, jambo ambalo kwao lingegharimu pesa nyingi mno. Lakini angalia alichofanya huyu bwana. Hakumpandisha mama yake ndege na kumkabidhi kwa wageni. Alikuwa amewahi kuishi na kufanya kazi huko, na alihamia pamoja naye. Anayetuma mzazi peke yake na pesa za kila mwezi hafanyi jambo lile lile.

Nami hujiuliza: wanachokwenda kukinunua Chiang Mai, yaani mtu wa kukaa na mzee saa zote, si ndicho ambacho bado kinapatikana hapa kwetu, ikiwa walioko nje watakubali kukilipia?

Kuhusu sheria nitasema kwa ufupi, maana familia nyingi humpa wakala pesa kabla ya kuuliza. Uingereza ilikaza masharti mwezi wa Julai 2012. Mtoto anayetaka kumchukua mzazi lazima athibitishe kwamba mzee anahitaji kusaidiwa kila siku mambo kama kuoga na kula, na kwamba msaada huo haupatikani kwao hata kwa pesa za mtoto mwenyewe. Hapo ndipo maombi mengi hukwama. Marekani, mzazi mgeni aliyepata kibali cha kuishi kwa kawaida hukaa miaka 5 mfululizo kabla ya kuruhusiwa kujiunga na Medicare, bima ya wazee ya huko, na hata hiyo Medicare hailipii kukaa kwa muda mrefu katika nyumba ya wazee. Nchi za Ghuba, kwa mgeni anayefanya kazi, ukaaji wa familia unafuata kazi yake. Kazi ikiisha, wote wanafungasha, na mzee anahamishwa mara ya pili. Viza ya matembezi, popote pale, si viza ya kwenda kuuguzwa hadi mwisho.

Kabla ya haya yote mpeleke hospitali hapa hapa. Si kila anayesahau ana dimensia. Tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, upungufu wa vitamini B12, huzuni nzito baada ya kufiwa, masikio yasiyosikia, hata dawa anazomeza, vyote vinaweza kumfanya mzee aonekane amepotea akili, na vingi kati ya hivyo hutibika. Nenda Hospitali Kuu ya Pwani ukiwa na mfuko wa dawa zake zote, pamoja na zile za kununua dukani na za miti shamba. Hakikisha pia amesajiliwa na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwaka 2024. Na kama amechanganyikiwa ghafla, jana alikuwa mzima na leo hakutambui, usingoje wiki iishe. Mpeleke siku hiyo hiyo. Inaweza kuwa maambukizi ya mkojo, homa ya mapafu, sukari iliyoshuka, au kiharusi.

Hapa niwaonye juu ya Piriton. Nyumba nyingi humpa mzee kidonge hicho ili alale, na wengine humpa kabla ya ndege ili asisumbue. Dawa hiyo ni ya mzio. Kwa mzee mwenye dimensia huongeza kuchanganyikiwa, humfanya ashindwe kukojoa, na huweza kumwangusha. Usimpe dawa yoyote ya usingizi bila daktari.

Ikiwa baada ya kushauriana familia imeamua aende, basi aende vizuri. Muulizeni mwenyewe mapema, angali anaweza kusema anataka nini, na mara ya kwanza iwe ziara, si kuhama. Asafiri na mtu anayemjua, na mtu huyo abaki naye huko wiki kadhaa, asigeuke na ndege inayofuata. Dawa na barua ya daktari viwe kwenye mkoba wa mkononi. Omba kiti cha magurudumu tangu mnapokata tiketi, na mpeleke msalani kabla ya kupanda. Usimtangazie safari wiki nzima kabla, atakuwa akiuliza kila baada ya dakika kumi. Mfungie leso zake za kila siku, mswala wake, mto wake, na udi anaoujua, hata kama huko vipya vimejaa. Chumba chake kipya kipangwe kitanda na mlango kama alivyozoea, na taa ya msalani isizimwe usiku. Nyumba yake hapa isipangishwe wala kuuzwa miezi ya mwanzo, maana huenda akarudi.

Na ikiwa anabaki, ambalo kwa wengi ndilo jambo bora kwa maoni yangu, basi asibaki juu ya mgongo wa mtu mmoja. Hapo familia nyingi hukosea. Walioko nje hutuma pesa za chakula na dawa, lakini hakuna anayetuma usingizi. Ukiwa binti au mkaza mwana unayemlea, andika kwenye karatasi kazi zako za siku moja, tangu alfajiri hadi usiku wa manane anapoamka kutafuta mama yake aliyekufa zamani. Wasomee kwenye simu ya familia. Kisha taja unachotaka: mshahara wa msaidizi, nepi za watu wazima, kipimo cha presha cha nyumbani, na wiki mbili kila mwaka ambazo mmoja wao atakuja kukaa naye, nawe upumzike. Waambie pia wakipiga simu wasimuulize mzee, "Wanijua mimi nani?" Swali hilo humuumiza. Waseme tu, "Ni mimi mwanao, niko Muscat, nakusalimu."

Nyumbani, ziangalie ngazi. Nyumba zetu za zamani zina ngazi zilizosimama wima na zenye giza. Weka mlango mdogo juu, taa, na kamba ya kushikia. Ikiwezekana alale chini. Funga gesi kwenye mtungi kila baada ya kupika. Mvishe bangili yenye nambari yako ya simu, na uzungumze na mwenye duka, imamu na vijana wa bodaboda hapo kona, bila kuona haya, wajue ni mgonjwa. Anapokushutumu umemwibia bangili ya dhahabu, usibishane. Mtafutie pamoja naye, kisha mpe choroko achambue. Usimfungie chumbani peke yake wala usimfunge kamba. Kifungu cha 57 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na ya kutunzwa na jamaa zake pamoja na Serikali. Haki hiyo anayo hata akiwa hajui tena kama yuko Mombasa.

Na akisema "Nataka kwenda nyumbani" ilhali ameketi nyumbani kwake, usimwambie amekosea. Mvishe buibui, mzungushe hadi Ndia Kuu mkitazama watu, kisha mrudi naye mlango ule ule. Mara nyingi ataingia akisema amefika.

Wiki ijayo, panapo majaliwa, tutazungumza juu ya chumvi, presha na chakula cha mwezi wa Ramadhani. Kwaheri kwa sasa.