Boksi la Spika Linatakiwa Liwe Bubu

Muhula uliopita bumu langu karibu lote niliingiza kwenye biashara ya kukodisha spika. Seremala akaniuliza, "Boksi la mbao gani, mdogo wangu?" Nikamjibu, "Yoyote, bora iwe nzito." Hapo ndipo nilipochemka.

Spika inasukuma hewa mbele na nyuma. Kuta za boksi zikiwa nyepesi, nazo zinatikisika na kuongeza sauti yao kwenye muziki. Ligonge kwa ngumi: mlio mfupi, mkavu, ni zuri, likilia kama debe, achana nalo.

MDF ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi. Ni nzito na haivumi sana, kwa hiyo spika ya kukaa chumbani inaifaa. Ila ikinywa maji inavimba, na ukingoni haishiki skurubu vizuri. Mninga unapendeza, lakini mbao nzima hutanuka na kusinyaa kwa unyevu. Kiungo kikiachia, hewa inavuja na besi inaharibika. Plaiwudi ina matabaka yaliyopishanishwa: ni nyepesi kuliko MDF, imara, na inashika skurubu. Ikivuma, weka mhimili ndani kati ya kuta mbili.

Mimi nilichukua MDF. Mvua moja tu ya masika, spika zikiwa nyuma ya pikapu, kitako kikaumuka kama andazi. Sasa nimeanza upya na plaiwudi ya milimita 18, boksi moja moja.

Kwa hiyo mwanachuo mwenzangu, kabla hujauliza bei, jiulize boksi litaishi wapi.