Wito kwa Walioamini Zamani

Mama zangu, dada zangu na ndugu zangu katika imani, naanza na deni.

Si siku nyingi zilizopita, baada ya darsa ya akina mama ya Alasiri, watu walipokuwa wamekwisha kutawanyika, mama mmoja alibaki nyuma. Ni mtu mzima kuliko mimi, na mtaani kwetu anafahamika kwa jambo moja: yeye ndiye mshika daftari wa chama cha akina mama. Ukimuuliza mwaka wowote ni nani aliyetoa na ni nani aliyebakisha shilingi 200, atakujibu kabla hujamaliza kuuliza. Aliketi upande wa pili wa pazia, akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwanangu Sheikh, mimi nina deni, nami sijui ni kiasi gani."

Nilidhani ni fedha. Kumbe alikuwa akizungumzia saumu. Amezaa mara 6, na kila Ramadhani ya ujana wake ilipita na siku zake: hedhi, nifasi, na miezi ya kunyonyesha. Nyingine alilipa, nyingi hakulipa. Kila mwaka alijiambia kwamba atalipa itakapoingia Shaabani, na Shaabani ilipoingia ilimkuta na harusi, au mgonjwa, au wageni kutoka Lamu. Watoto wakakua, hedhi ikakatika, na daftari lile likabaki halijaandikwa. Akasema, "Hesabu za watu ninazo zote, ya Mola wangu sina. Je, nimechelewa?"

Nilimjibu kama anavyojibu mtu aliyezoea kujibu. Nilimwambia hakuchelewa maadamu yu hai na mwili wake unaweza. Akae, akumbuke mimba moja baada ya nyingine, na pale asipokuwa na hakika achukue idadi ambayo moyo wake una yakini kwamba deni halizidi hapo. Siku hizo azifunge kwa kadiri ya nguvu zake. Nilimweleza pia habari ya kibaba: kwamba katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, mwenye kuchelewesha saumu bila ya udhuru mpaka ikaingia Ramadhani nyingine, pamoja na kufunga hutoa kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku kumpa maskini, ilhali wanazuoni wa Hanafi hawaioni fidia hiyo kuwa lazima. Mwenye udhuru ulioendelea, kama vile mimba kufuatana na kunyonyesha, hahesabiwi kuwa amechelewesha. Lakini aliyeacha kufunga kwa sababu ya kumhofia mtoto tu, wala si nafsi yake, huyo ana kibaba chake kando. Nikamkumbusha kwamba Bibi Aisha (R.A.), mama wa waumini, alisimulia mwenyewe kwamba siku alizodaiwa za Ramadhani hakuwa akipata nafasi ya kuzilipa ila katika Shaabani. Kuchelewa mpaka Shaabani, basi, si aibu. Lililomponza mama yetu ni kuipita hiyo Shaabani. (Na kwa kuwa swali hili huulizwa kila mara: swala zilizopita katika hedhi hazilipwi. Ni saumu tu.)

Akashukuru, akaenda zake. Nami nikaenda zangu, nafsi yangu imeridhika kwamba jawabu lilikuwa zuri.

Mke wangu alikuwamo katika darsa ile na alisikia. Usiku, tulipokwisha kula, aliniambia kwa upole, "Leo umemjibu vizuri yule mama, Mwalimu. Sasa na mimi niulize. Mara ya mwisho wewe kukaa na watoto wako baada ya Magharibi mkasoma Qur'ani ni lini?"

Nilianza kuhesabu. Nikasema ni kabla ya Ramadhani hii. Akanitazama. Nikasema ni Ramadhani iliyopita. Akaendelea kunitazama. Binti yetu wa mwisho, mwenye miaka 11, amefika juzuu ya 9 kwa mwalimu mwingine, nami baba yake sijui sauti yake ikoje katika kusoma. Kila Magharibi nipo nje: hapa naozesha, pale nahani, kesho kuna kikao cha kamati ya msikiti, keshokutwa hitima. Yote ni mambo ya heri. Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu mtu aliyeacha nyumba yake kwa ajili ya mambo ya heri hakuna wa kumkanya. Watu humsifu.

Usiku ule sikulala mapema. Nilirejea katika Suratul Hadid, aya ya 16, ambayo nimeifasiri mbele za watu mara nyingi. Humo Mwenyezi Mungu anawauliza walioamini kama bado haujawawadia wakati wa nyoyo zao kunyenyekea kwa kumkumbuka Yeye na kwa haki iliyoteremka. Wanaoulizwa si makafiri, wala si walevi wa vichochoroni. Ni walioamini. Abdullahi bin Masud (R.A.), miongoni mwa wa mwanzo kabisa kusilimu, amepokewa katika Sahihi Muslim akisema kwamba baina ya kusilimu kwao na kuteremka lawama ya aya hii ilikuwa miaka 4 tu. Miaka minne! Na hao ni watu walioteswa kwa ajili ya dini yao, waliokula pamoja na Mtume na kumsikia kwa masikio yao. Ikiwa wao waliulizwa swali hilo baada ya miaka minne, je, mimi niliyeanza alifu kwa kijiti nikiwa na miaka 5, nami sasa nimevuka 50?

Aya yenyewe inaendelea kutaja sababu, na hapo ndipo wengi hupita upesi. Inawaonya waumini wasiwe kama waliopewa Kitabu kabla yao, ambao muda uliwarefukia, nyoyo zao zikawa ngumu. Tazameni, haikutaja hapo wizi wala zinaa wala pombe. Imetaja muda. Moyo hauhitaji dhambi kubwa ili ukauke. Huuachi ila miaka ipite juu yake hali ya mambo ni ile ile: swala ile ile kwa haraka ile ile, uradi ule ule ulimi ukiwa mbele na akili ikiwa nyuma. Mtume (S.A.W.), kama alivyopokea al-Hakim kutoka kwa Abdullahi bin Amr, alifananisha imani na nguo: huchakaa ndani ya mtu kama nguo ichakaavyo, na akatuhimiza tumwombe Mwenyezi Mungu aifanye upya. Akina mama mnalijua jambo hili kuliko sisi. Leso nzuri haiharibiki kwa kuchanika siku moja. Hufifia kwa kufuliwa na kuanikwa, na mwenyewe anayejifunga kila siku ndiye wa mwisho kuona kwamba jina haliko tena pindoni.

Wanahistoria wanatusimulia habari ya mtu ambaye aya hii ilimkuta juu ya ukuta. Naye ni al-Fudhayl bin Iyadh. Imam Dhahabi ameandika habari zake kwa urefu. Katika ujana wake alikuwa mnyang'anyi wa njiani huko Khurasani, baina ya miji ya Abiward na Sarakhs, na misafara ilikuwa ikimwogopa. Usiku mmoja alikuwa akipanda ukuta kumwendea kijakazi aliyempenda, ndipo akasikia mtu akisoma Qur'ani, na msomaji alikuwa amefika pale pale penye swali hili. Fudhayl akajibu palepale, akimwambia Mola wake kwamba ndiyo, wakati umefika. Akashuka.

Usiku ukampeleka kwenye gofu la nyumba, na humo kulikuwa na wasafiri. Baadhi yao wakasema waondoke, wengine wakasema wangoje kupambazuke kwa sababu Fudhayl yuko njiani. Aliyasikia hayo kwa masikio yake. Akajiona yeye anahangaika usiku kucha katika maasi, na hapa kuna Waislamu wanaojificha kwa kumhofu, akajua kwamba Mwenyezi Mungu hakumleta hapo ila aache. Akatubu, akaifanya toba yake kuwa ni kwenda kukaa jirani na Nyumba Tukufu. Alisoma Hadithi Kufa kwa wakubwa wa zama zake, Bukhari na Muslim wakapokea riwaya zake katika Sahihi zao, na akafa Makka mwaka 187 wa Hijria, sawa na mwaka 803.

Kisa hiki nimekisoma tangu ujanani, na siku zote nilikuwa nikimtazama Fudhayl. Usiku ule, mara ya kwanza, nilimfikiri yule msomaji. Ni mtu aliyekuwa akisoma usiku, pengine peke yake, hana habari kwamba sauti yake imevuka ukuta na imemkuta mwizi. Hakupanga kuwaidhi. Alikuwa akisoma tu nyumbani kwake. Nikajiuliza: Fudhayl angepanda ukuta wangu mimi, sheikh, saa za usiku, angesikia nini? Angesikia runinga, na simu zikilia moja baada ya nyingine. Nami singekuwapo.

Kufikia hapa najua baadhi ya wasomaji wamekwisha kuazimia makubwa: kuanzia kesho juzuu nzima kila siku, tahajudi kila usiku, funga Jumatatu na Alhamisi mwaka mzima. Polepole, dada zangu. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba mwanamke aitwaye Hawlaa bint Tuwayt alitajwa mbele ya Mtume (S.A.W.) kuwa halali usiku kwa ibada. Mtume hakufurahia. Akasema watu wajitwike amali wanazoziweza, kwani Mwenyezi Mungu hachoki mpaka wao wachoke. Na mkewe Bi Zaynab alikuwa amefunga kamba baina ya nguzo mbili za msikiti, akichoka anaishika. Mtume akaamrisha ifunguliwe, mtu aswali akiwa na nguvu, akichoka aketi. Na Bibi Aisha ametupokelea kwamba amali impendezayo Mwenyezi Mungu zaidi ni ile inayodumu ijapokuwa ni ndogo. Nimeona azma nyingi kubwa za mwezi wa Ramadhani zikifa kabla ya sita za Shawwali kumalizika, na mwenye azma hiyo ikifa huwa mzito wa kuanza tena kuliko ambaye hakuazimia kabisa.

Kwa hivyo nyumbani kwetu tumeanza na nusu ukurasa. Baina ya Magharibi na Isha simu zote hukusanywa katika kikapu cha mkeka, yangu ikiwa ya kwanza, na mialiko ya saa hiyo naikataa isipokuwa maiti. Watu wawili wamekwisha kuninunia. Binti yetu husoma, nami husikiliza. Ana kosa la kupitiliza madda ambalo ningelirekebisha akiwa na miaka 7 kama ningekuwapo. Mke wangu, ambaye kwa miaka yote alikuwa akiisoma Yasini kwa moyo bila kutazama msahafu, sasa anataka kujua maana yake, na maswali yake mengine hunilazimu nifungue vitabu. Mwanangu mkubwa bado haji. Hupita sebuleni, hutoa salamu, huingia chumbani kwake akafunga mlango. Simlazimishi, nimemkosesha baba kwa Magharibi nyingi mno kuweza kumdai leo. Lakini juzi mlango aliuacha wazi kidogo.

Fudhayl alikuwa na mtoto, jina lake Ali. Wanasimulia kwamba Ali alikuwa na khofu ya Mwenyezi Mungu pengine kumshinda baba yake, na kwamba Qur'ani ikisomwa alikuwa hajiwezi. Alifariki baba yake akiwa hai. Mtoto wa mnyang'anyi! Nalitaja hilo kwa ajili ya baba na mama ambao wanaona wamekwisha kuharibu.

Ama yule mama wa daftari, Alhamisi iliyopita alikuja tena, safari hii na kitabu kipya cha kurasa zenye mistari. Ameandika majina ya watoto wake sita, kila mmoja ukurasa wake, na chini yake siku. Jumla imefika 142. Hakuwa na hakika na mimba ya nne, akachukua idadi kubwa. Amekwisha kufunga siku 5. Mchele wa vibaba anaupima binti yake kila Ijumaa, naye huupeleka mwenyewe kwa mjane aliye nyuma ya msikiti.

Alikuwa na swali moja tu lililobaki. "Nikifa kabla sijafika 142?"

Nikamwambia kwamba Mtume (S.A.W.) amesema, kama alivyopokea Bibi Aisha, kuwa mwenye kufa akiwa na saumu anayodaiwa, walii wake atamfungia, na wakipenda jamaa watatoa kibaba kwa kila siku katika mali aliyoacha. Akamgeukia binti yake aliyemsindikiza, akampa kile kitabu akishike.

"Basi wewe ujue kinapowekwa," akamwambia. "Kiko juu ya kabati, karibu na lile daftari la chama."