Jongoo wa Bamburi

Ukitaja Haller Park ya Mombasa, wengi hukumbuka Owen na Mzee, kiboko yatima na kobe mkongwe. Mimi nimenaswa na mkaazi ambaye hakuna anayelipa kiingilio ili kumwona: jongoo.

Pahali hapa palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi. Mwaka 1971, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alipoanza kupanda miti, hapakuwa na udongo. Palikuwa na mwamba wa matumbawe uliokwanguliwa, jua kali, na maji ya chumvichumvi chini kidogo tu. Alijaribu aina 26 za miti. Kwa simulizi yake, zilisalimika tatu, na uliochangamka zaidi ni mvinje.

Mvinje una siri yake: kwenye vifundo vya mizizi wanaishi bakteria wanaonasa nitrojeni ya hewani na kuulisha mti. Taabu ilikuja na majani. Yalianguka, yakalundikana, yakakauka, yakagoma kuoza. Yana tanini nyingi, na kwenye mwamba mtupu hawakuwapo wadudu wa kuyashughulikia. Miti ikasimama, udongo ukakosekana.

Haller alisimulia kwamba jawabu alilipata kwa kuangalia tu: jongoo mweusi mwenye miguu myekundu, anatafuna majani ya mvinje bila wasiwasi. Waswahili husema mtupa jongoo hutupa na mti wake. Yeye alifanya kinyume: jongoo wakaokotwa kwa mamia, wakapelekwa mitini.

Kazi yao ndiyo iliyonipendeza. Jongoo hana haja na jani bichi. Hula lililokauka, polepole, na sehemu kubwa ya alichokula huitoa kama vidonge vidogo vya kinyesi. Humo jani limekwisha kusagika na kupata unyevu, kwa hiyo bakteria na kuvu hupata pa kuanzia. Kidonge juu ya kidonge, mboji ikatandaa juu ya jiwe, na miti ya asili ya pwani ikapata pa kutia mizizi. Wanyama wakafuata, na wageni baada yao. Ndiyo maana naona anayetaka kuponya ardhi aanze kwa kuchunguza nani anamla nani.

Mvinje hauliwi na watu. Hutoa nguzo, boriti na kuni, na wakulima wa Kilifi na Kwale huupanda ili kuuza bidhaa hizo. Hapo ndipo ninapokwama. Bamburi ilikuwa na kampuni iliyoweza kulipa mishahara na kusubiri miaka. Mkulima anayekata nguzo zake mapema ili alipe karo, anawaachia jongoo muda gani? Na kama shimo linaweza kugeuka msitu, je, habari hiyo njema inatufundisha kuponya, au inaturahisishia kuchimba shimo jingine?