Rafiki wa Mgonjwa wa Kifua Kikuu

Huku Wanging'ombe wakati wa mvua ulanzi hujaa. Marafiki hukaa pamoja na kikombe huzunguka. Lakini ikisikika kwamba mmoja wao ana kifua kikuu, kikombe chake hutengwa. Baadaye hutengwa mwenyewe.

Kikombe hakina kosa. Kifua kikuu hakiambukizi kwa kikombe, wala sahani, wala kushikana mikono. Vijidudu vyake husafiri kwa hewa. Mgonjwa asiyetibiwa akikohoa ndani ya chumba kilichofungwa, wenzake huvivuta. Nasi kwa sababu ya baridi hufunga madirisha hata mchana! Fungueni madirisha.

Dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo. Kwa kawaida mgonjwa humeza kila siku kwa miezi 6. Shida huanza mapema. Baada ya wiki chache kikohozi hupungua, nguvu hurudi, naye husema, "Nimepona." Bado hajapona. Akiacha dawa, vijidudu vilivyobaki huweza kuwa sugu, na dawa zile zikashindwa kuviua.

Ndiyo maana mgonjwa anayetibiwa nyumbani huchagua mtu wa kumsimamia. Anaweza kuwa mke, mume au rafiki.

Mkulima mmoja alimchagua jirani waliyezoea kunywa naye ulanzi. Kila alfajiri jirani alipita kwake akienda shambani. Alisubiri mpaka dawa imemezwa, ndipo akaendelea na safari. Siku moja mgonjwa aliona mkojo wake una rangi ya chungwa. Aliogopa, akataka kuacha dawa. Jirani alimleta zahanati, wakaelezwa kwamba ile ni rangi ya dawa tu. (Macho yakiwa ya manjano ni jambo jingine: njooni siku hiyo hiyo.) Jirani aliacha pia kumwita kilabuni, maana pombe pamoja na dawa hizi huumiza ini. Walikaa nje juani, wakala viazi. Habari za ugonjwa hakumwambia mtu.

Je, una rafiki anayekohoa kwa wiki 2 au zaidi, anayekonda au kutoka jasho usiku? Usimnong'one. Mwambie, "Twende wote." Zahanati atapimwa makohozi. Atashauriwa kupima virusi vya UKIMWI pia, kwa sababu virusi hivyo hukipa kifua kikuu nguvu. Watoto wadogo wa nyumba hiyo nao waletwe.