Kijani kimetoka kwenye jani

Mwezi wa Oktoba, kabla mvua hazijaanza, uwanda wa Wanging'ombe kuelekea Makambako huwa umekauka. Nyasi zimelala, mifugo inahangaikia malisho, na upepo unapeperusha vumbi jekundu hadi kwenye mabanda ya mama ntilie yaliyo njia panda ya kwenda Njombe na Songea. Ukishuka mabondeni kwenye vinyungu, yaani bustani zinazolimwa wakati wa kiangazi kwa unyevu uliobaki ardhini, unakuta mahindi, maharage na mboga vimestawi. Mkulima wa kijiji cha Kidugala akitaka kukueleza tofauti ya sehemu hizo mbili hataanza na rangi. Atasema kule juu majani yamekauka, huku chini bado mabichi. Neno kijani analijua na hulitumia kila siku kwa shati, kitenge au rangi ya mlango, lakini anapozungumzia shamba hutaja hali ya jani. Naamini namna hiyo ya kusema ndiyo iliyozaa neno kijani lenyewe, na ndiyo iliyozaa ndugu zake katika lugha nyingi za dunia. Wanaodai kwamba Kiswahili ni maskini wa majina ya rangi hawajalitazama jambo hili kwa makini.

Dai lao lina msingi kidogo, nalo lisikilizwe. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyofuata ngeli ya nomino: -eusi, -eupe na -ekundu. Twasema jiwe jeusi, mawe meusi, kiatu cheusi, viatu vyeusi. Rangi nyingine zote hazikubali viambishi hivyo. Shati ni la kijani, mashati ni ya kijani, na hakuna mtu aliyewahi kusema shati jijani. Sababu ni kwamba majina hayo ni nomino zilizoazimwa kutoka kwenye vitu. Kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, manjano ni bizari inayotiwa kwenye mchuzi, zambarau na chungwa ni matunda, waridi ni ua. Samawati imetoka kwenye neno la Kiarabu la mbingu, bluu imetoka kwa Waingereza, na hata neno rangi lenyewe ni la Kiajemi. Mtu akizipanga hivyo huona rangi tatu za nyumbani na rundo la mikopo. Lakini hao watatu wana kazi kubwa kuliko wanavyodhaniwa. Udongo wa Njombe ni mwekundu, na ng'ombe ambaye dukani angeitwa wa kahawia ni mwekundu pia. Wingu la mvua ni jeusi ingawa kwa macho ni la kijivu. Watatu hao waligawana ulimwengu wote unaoonekana, na palipohitajika kubainisha zaidi, msemaji alitaja kitu ambacho msikilizaji wake anakijua.

Ulaya ilishalizozania jambo hili. Mwaka 1858 mwanasiasa William Gladstone, ambaye baadaye alikuja kuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, alitoa kitabu kikubwa juu ya Homer, mshairi wa kale wa Wagiriki. Humo alishangaa jinsi mshairi huyo alivyokuwa na maneno machache ya rangi, tena akiyatumia ovyo. Neno moja lililomsumbua ni chloros. Wafasiri huligeuza kuwa kijani, lakini Homer analitumia kwa asali, na pia kwa gogo la mzeituni analotaka kulifanya rungu yule jitu mwenye jicho moja. Asali ya kijani iko wapi? Gladstone alihitimisha kwamba hisi ya rangi ya watu wa kale ilikuwa bado haijakomaa. Msemaji wa Kiswahili angemsaidia bila shida. Katika masoko yetu asali isiyopikwa huitwa asali mbichi, na gogo lililokatwa leo ni gogo bichi. Chloros ilibeba maana hizo mbili kwa pamoja: rangi ya kitu kinachoota, na ubichi wa kitu ambacho bado kina maji yake. Tatizo halikuwa kwenye macho ya Homer. Msomaji wake wa karne ya 19 alidhani kila neno la rangi lazima lihusu rangi peke yake.

Wazo kwamba maneno machache ni dalili ya macho dhaifu lilipimwa baadaye. Mjerumani Hugo Magnus alituma maswali na vipande vya rangi kwa watu waliokuwa wakiishi nje ya Ulaya, wakiwemo wamisionari, na mwaka 1880 akachapisha majibu. Yalionyesha kwamba watu ambao lugha zao hazitenganishi kijani na bluu walikuwa wakiziona rangi hizo mbili kuwa tofauti kama mtu mwingine yeyote. Walichokosa ni majina mawili, wala si macho. Mwaka 1969 Brent Berlin na Paul Kay wa Marekani walilinganisha lugha 98, Kiswahili kikiwamo katika 20 walizozichunguza kwa kuhoji wasemaji. Waliona kwamba majina ya msingi ya rangi hayazuki kiholela. Lugha yenye majina mawili huwa na la weusi na la weupe, la tatu huwa wekundu, ndipo hufuata kijani au manjano, kisha bluu. Vivumishi vyetu vitatu vinakaa mahali pake kabisa katika mpangilio huo. Kazi yao imekosolewa, na kwa haki, maana wengi wa waliohojiwa walikuwa wakiishi California na wakijua Kiingereza. Hata hivyo picha ya jumla imesimama, na haionyeshi Kiswahili kuwa lugha ya nyuma. Inaonyesha lugha iliyopita njia ambayo lugha nyingi zimeipita.

Kuhusu kijani hasa, njia ya kulipata jina kutoka kwenye mimea inaonekana waziwazi. Neno la Kiingereza la rangi hii lina shina moja na maneno yao ya kuota na nyasi. Kifaransa na Kihispania vilirithi lao kutoka Kilatini, ambako kitenzi chake kilimaanisha kuchanua na kustawi. Kiarabu kina akhdar, na mboga huitwa kwa neno la shina hilohilo. Kiajemi kina sabz, na sabzi ni mboga za majani, neno linalosikika hadi leo katika majiko ya Wahindi wa Dar es Salaam. Karibu zaidi na sisi, Waganda husema kiragala kwa kijani kutokana na ndagala, majani ya mgomba ambayo hutumika kufungia chakula kinapopikwa. Wasemaji wa Kilingala wana maneno yanayomaanisha maji ya kisamvu. Wanyarwanda wao husema icyatsi kibisi, na hilo nalipenda kuliko yote, kwa sababu icyatsi ni jani la nyasi na kibisi ni -bichi yetu. Kiswahili cha kale cha pwani kilikuwa na neno hilohilo kwa sauti nyingine. Chanikiwiti, ambalo bado limo kwenye kamusi, ni chani, yaani majani, likiunganishwa na -witi, namna ya Kimvita ya kusema -bichi. Mombasa na Kigali hazikuazimana. Zote zilitazama jani likiwa na maji yake, zikalifanya kipimo.

Hapa hutokea pingamizi la haki. Ikiwa kijani maana yake ni jani bichi, mbona tunasema kijani kibichi, hasa wenzetu wa Kenya? Je, si kurudia jambo moja mara mbili? Jibu liko kwenye mashamba ya Njombe. Parachichi aina ya Hass huvunwa likiwa na ganda la kijani, na likiiva siku kadhaa baadaye ganda huwa jeusi lenye kuelekea zambarau. Aina ya Fuerte huiva na ganda lake likabaki kijani vilevile. Mnunuzi anayetegemea rangi peke yake atanunua Fuerte mbivu akidhani ni mbichi, ndiyo maana wanunuzi huliminya tunda kwa kidole, na wanaosafirisha nje hupima ukavu wa nyama yake. Misindano iliyotanda kwenye vilima vya Njombe ina kijani mwaka mzima, kiangazi na masika, na kijani hicho hakimwambii mkulima lolote kuhusu mvua. Kwa upande wa pili, mahindi mabichi yanayochomwa kando ya barabara Makambako yana punje nyeupe. Kwa hiyo rangi na ubichi vilizaliwa pamoja, kisha vikaachana, na lugha ikabaki na maneno mawili kwa sababu mambo yenyewe ni mawili. Kijani kibichi leo ni kijani angavu, cha jani changa. Neno -bichi hapo linafanya kazi, halirudii.

Chai inaonyesha jambo hilo vizuri zaidi. Kule Lupembe na Luponde mchumaji hukata majani mawili na chipukizi, na kile anachopeleka kwenye mizani huitwa majani mabichi. Hakuna mkulima anayesema ameuza majani ya kijani. Kiwandani majani hayo hunyaushwa, husagwa, kisha huachwa yapate hewa, na kwa muda mfupi hugeuka rangi ya shaba kabla ya kukaushwa. Zao hilo moja Waingereza huliita chai nyeusi kwa kutazama jani lililokaushwa, Wachina huliita chai nyekundu kwa kutazama maji yaliyo kikombeni, nasi tukiinywa bila maziwa tunaiita chai ya rangi. Kila lugha ilichagua mahali pa kutazama. Hakuna iliyokosea.

Pingamizi gumu zaidi ni la bluu. Kama kutaja vitu kunatosha, mbona anga, iliyo juu ya kila mtu, haikutupa jina lililoenea? Samawati ipo, lakini mwanafunzi wa Kidugala na fundi rangi wa Makambako husema bluu. Nadhani sababu ni kwamba anga haivunwi wala hainunuliwi. Rangi hii ni adimu katika vyakula, udongo na mifugo, na ilipata haja ya jina ilipokuja na nguo, wino na makopo ya rangi. Lugha nyingine zimeiacha pamoja na kijani bila kupata hasara. Wazulu wana luhlaza kwa zote mbili, na neno hilohilo ni la nyama isiyopikwa. Wajapani hadi leo huita taa ya kijani ya barabarani kwa neno lao la bluu, na magari yao hayagongani kwa sababu hiyo.

Kijani sasa kimepewa mizigo mipya. Katika bendera yetu kinasimamia ardhi na uoto wake, kimevaliwa na chama cha CCM na klabu ya Yanga, na tangu benki ya CRDB ilipouza hatifungani yake ya Kijani mwaka 2023, ikifuatiwa na ile ya mamlaka ya maji ya Tanga mwaka 2024, kimekuwa pia neno la fedha na mazingira. Sioni ubaya, mradi tusisahau kilikotoka. Mradi unaoitwa wa kijani unastahili kuulizwa swali la mkulima: je, ni mbichi, una maji yake, au umepakwa rangi tu?

Kidugala ina seminari ya Kilutheri kwenye eneo lililoanzishwa na Misheni ya Berlin mwishoni mwa karne ya 19, na vijiji vinavyoizunguka vimejaa wazee wanaozungumza Kibena. Nawasihi walimu wa Kiswahili wa Njombe wasiishie kuwapa wanafunzi orodha ya rangi ya kukariri. Wawatume kwa bibi na babu zao na daftari, wakaulize majina ya rangi za ng'ombe, za udongo, za maharage na za majani kwa Kibena, na kila jina waandike kando yake linatajwa kwa kitu gani na kwa msimu gani. Kazi hiyo haihitaji fedha wala mtaalamu kutoka mjini, lakini inawahitaji wazee wakiwa hai. Ianze likizo ijayo.